Maji Tuliyochota Wote

Watafiti walipofika Nyangoto nilikuwa kwa mdogo wangu wa mwisho, wiki chache baada ya kumzika mtoto wake mchanga. Waliwahoji kina mama waliofiwa na wale ambao watoto wao ni wazima, ili kulinganisha maji waliyokunywa wakiwa wajawazito. Maswali ya namna hiyo mimi ninayafundisha chuoni, tena kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

Mdogo wangu alijibu mpaka binti aliyemhoji akanyoosha vidole vilivyochoka kuandika. Kisima cha shuleni. Kilipokauka, kijito kilicho chini ya pale wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Alikumbuka hata ndoo iliyong'oka mkono na mvua iliyomnyeshea njiani. Tangu msiba alikuwa akiichambua mimba ile kama maharage, akitafuta jiwe.

Jirani yake, mwenye mtoto mgongoni, akaulizwa vilevile.

"Maji? Ya kisima tu."

Darasani hali hii tunaiita upendeleo wa kumbukumbu: aliyefiwa hukumbuka kila kikombe, ambaye mtoto wake yuko hai hana sababu. Huwa naueleza kwa mzaha kidogo, wanafunzi wasije wakalala.

Watafiti walipoondoka, mdogo wangu akamgeukia jirani.

"Mwenzangu, si tulikuwa tunachota wote kijitoni? Na wewe ulikuwa na tumbo."

"Mimi? Labda. Na huyu anavyonikeshesha, hata nilichopika jana sikumbuki!" Alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake.

"Basi nilikunywa peke yangu," mdogo wangu akasema. "Nilimnywesha mwenyewe."

"Hapana, tulichota wote," jirani akadakia. "Sasa nakumbuka. Tena mimi ndiye niliyekuonyesha njia."

Mdogo wangu akaniangalia. "Kaka, wewe umesoma. Anakumbuka, au ananihurumia tu?"

Nusu ya maisha yangu nimefundisha watu kutenganisha mambo hayo mawili.

"Anakumbuka," nikasema. Sikuwa na kipimo chochote.

Alishusha pumzi. Akampokea jirani yule mtoto ili mwenzake afunge kanga upya. Alimpakata, akamnusa utosini, na kwa muda nilidhani tumemponya.

"Kwa hiyo na huyu alikunywa maji yaleyale," akasema taratibu, bila kumtazama yeyote. "Basi wangu aliuawa na nini?"

Jirani alinitazama mimi. Mtoto alikuwa ameshika kidole cha mdogo wangu, na hakuna aliyemwomba amrudishe.