Nyaya za Pikipiki ya Werema

"Mama Robi, hiyo nguo ya waya unamshonea nani?"

Emmaculate, jirani wa Mellen, ambaye ndiye Mama Robi wetu hapa Masara, aliuliza hivyo akiwa mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa ameona shuka kuukuu imetandikwa sakafuni, na juu yake nyaya nyekundu, kijani na nyeusi, zimeshikizwa kwa sindano na uzi kama pindo la sketi. Mellen hakuinua kichwa.

"Namshonea pikipiki."

"Woi! Pikipiki nayo imeanza kuvaa uniform?"

"Imekaa uchi sana. Panya walikula waya yote."

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe, Werema. Tangu tumzike ilikuwa imeegemea ukuta nyuma ya jiko miaka mitatu, kuku wakilala juu ya kiti. Werema aliinunua pamoja na mdogo wake, Zablon, ambaye ana shimo la dhahabu. Mwezi wa saba Zablon alikuja kwa heshima, akanywa uji, kisha akasema, "Shemeji, pikipiki isiyonguruma ni chuma tu. Nipe injini inisaidie kuvuta mawe kutoka shimoni."

Mellen akamwambia anaitaka yeye. Kazi yake ni kushona, na hapa Masara wateja wamepungua. Akiwa na pikipiki atafunga cherehani nyuma na kufuata siku za soko, leo huku, kesho kule. Zablon alicheka, lakini si kwa ubaya. Wakapatana mbele ya mama mkwe: mwezi wa nane ukiisha kabla haijanguruma, injini ni ya Zablon. Ikinguruma, pikipiki yote ni ya Mellen, na hakuna wa kumsumbua tena.

Sisi tunaoimba naye kanisani tulimwonea huruma. Hakuitaka hiyo huruma.

Injini hakuiogopa. Werema alikuwa akiitengenezea hapo nyumbani, na kwa miaka kumi na moja Mellen ndiye alimpa spana, mpaka akawa anajua ni namba gani inatakiwa kabla mzee hajafungua mdomo. Basi aliifungua, akaiosha na mafuta ya taa, akapanga nati kwenye sinia kwa jinsi zilivyotoka. Akaweka ringi mpya za pistoni. Kabureta aliisafisha na unyoya wa kuku. Shida ilikuwa nyaya. Hizo Werema hakuwahi kuzigusa, alikuwa anapeleka mjini.

Mellen akabeba mabaki ya nyaya za zamani ndani ya mfuko, akaenda Migori kwa Abdirashid, mwenye duka la spea. Abdirashid akachungulia.

"Mama, hii ni waya ama ni samaki wa omena?"

"Ni waya. Nikatie mpya, rangi kwa rangi."

Alimkatia, na akamwonya jambo moja: "Usiunge-unge vipande, hasa pale shingoni chini ya usukani. Hapo waya iwe nzima."

Ndipo Mellen akaifanya kazi kwa njia anayoijua. Alipima pikipiki kwa futi yake ya kushonea, akachora kwa chaki juu ya shuka, akashikiza kila waya mahali pake, kisha akazifunga pamoja kwa tepu nyeusi na kukata nyuzi zilizozishikilia. Jumatano ya wiki ya mwisho akaziingiza kwenye pikipiki. Akageuza ufunguo. Taa ya mbele ikawaka! Emmaculate alipiga vigelegele ng'ambo ya ua.

Mellen akashika usukani, akaugeuza kushoto. Taa ikazima. Waya za shingoni zilikuwa zimevutika, moja ikachomoka kwenye swichi.

Alikaa chini kwenye vumbi. "Nimepima pikipiki iliyosimama, usukani umenyooka," akaniambia mimi niliyekuwa nimekuja kumtazama. "Na mtoto wa nursery najua kumpima akiinua mkono."

"Unga kipande," Emmaculate akasema. "Nani ataona huko ndani?"

"Itakatika nikiwa barabarani na cherehani. Nafumua."

"Yote? Na mwezi unaisha Jumamosi hii!"

"Yote."

Tuliomba pamoja, maombi mafupi, kwa sababu nilimwona anaangalia makasi. Hakumtuma mtu kwa Zablon kuomba siku zaidi. Safari hii alimwambia Emmaculate ashike usukani uelekee kushoto kabisa, akapima. Halafu kulia kabisa, akapima tena. Akachukua kile kipimo kirefu na kuongeza vidole vinne. Siku mbili alikuwa sakafuni, magoti yakimuuma, akishikiza upya waya moja moja.

Jumamosi asubuhi Zablon alifika na gunia na spana.

"Shemeji, nimekuja kubeba mzigo wangu."

"Karibu. Weka gunia chini kwanza."

Mellen akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, ikakohoa.

"Hiyo ni homa," Zablon akasema. "Mpe dawa."

Mellen alifungua petroli, akangoja kidogo, akakanyaga kwa uzito wake wote. Ikanguruma, moshi ukajaa uani, kuku wakatawanyika. Mungu ni mwema. Zablon akaja akaugeuza usukani kushoto mpaka mwisho, akaurudisha kulia mpaka mwisho, akarudia, kama mtu anayetafuta kosa. Taa iliwaka vile vile. Injini haikusita.

Alikunja gunia lake taratibu, akalitia kwapani.

"Basi, shemeji. Ni yako. Nitamwambia mama." Kisha akatabasamu. "Panda uzunguke uwanja tukuone."

Mellen hakusogea. Miaka yote hiyo Werema ndiye alikuwa akiendesha, yeye akikaa nyuma. Alifuta mikono kwenye leso, akamtazama Zablon usoni, akasema:

"Shemeji, naomba unifundishe kuendesha, tuanze leo."