Dodoso Lililokimbiza Wateja wa Shangazi

Nakumbuka, tena nikikumbuka nakereka upya, Jumamosi moja niliyoshuka Kharumwa, kwenye machimbo ya dhahabu, na fungu la madodoso kwenye mfuko wa shule.

Mwanangu, wewe wa kidato cha kwanza unayepokea daftari hili la klabu, usicheke nikikuita hivyo. Nina miaka kumi na saba tu. Lakini yapo mambo yanayomzeesha mtu kabla ya mvi, na mojawapo ni kumuuliza mchimbaji anapenda muziki gani.

Nilikuwa kidato cha pili. Klabu yetu ya uandishi, hapa Nyasubi, ilitaka kuanzisha jarida la muziki. Mwalimu mlezi alikuwa na neno moja: "Niambieni msomaji wenu ni nani. Jumatatu ikifika hamjui, karatasi zinarudi stoo na jarida limekufa." Kila mtu akapangiwa pa kwenda kuuliza. Mimi, ambaye hata kunyoosha mkono darasani natetemeka, nikapewa machimbo, eti kwa sababu nina shangazi huko. Ningekataa, ila ukurasa wa tatu wa jarida ulikuwa wangu. Makala yangu ya kwanza, ya msanii mmoja wa Bongo Fleva. Nilikuwa nimeiandika mara nne, naijua kwa moyo.

Shangazi, Mama Kulwa, anapika chakula kando ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nikampa shikamoo, nikala vitumbua vyake, nikaondoka na kalamu bila kumweleza kitu. Nimweleze ya nini? Dodoso lilisema "vijana". Shangazi ana wajukuu.

Kijana wa kwanza alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Nikamsomea kama nilivyofundishwa: "Jina lako? Umri? Kazi? Unasikiliza muziki wa aina gani?"

"Mimi mgeni hapa," akasema, huyoo, akaenda zake.

Wa pili naye mgeni. Wa tatu akaniambia hata hafanyi kazi pale, amemsindikiza mtu, na nyundo iko mkononi! Wa nne akanionea huruma: "Andika nasikiliza nyimbo za kanisani tu." Nyuma yake spika ilikuwa inapiga singeli mpaka mabati yanalia, na bega lake mwenyewe halitulii.

Kufika saa sita, kwa mujibu wa karatasi zangu, machimbo yote yalikuwa ya wageni wacha Mungu.

Hapo, mwanangu, nikafanya jambo ambalo sijamsimulia mtu. Nilijificha nyuma ya kibanda cha shangazi nikaanza kuyajaza madodoso mwenyewe. Juma, Bongo Fleva. Masanja, Bongo Fleva. Nimefika la tano, nikaona kivuli.

"Masanja yupi huyo?"

Nikafunika karatasi kwa kiganja.

"Si nakuuliza, mayu?" Ndivyo shangazi anavyoniita, yaani "mama" kwa Kisukuma. "Masanja ninaowalisha hapa ni watatu, na hakuna hata mmoja anayependa hicho ulichomwandikia." Akaichukua karatasi, akaisoma hadi chini. "Kwa hiyo ni wewe! Tangu asubuhi watu wanapita mbali na benchi langu, wanasema kuna mtu wa ushuru anaandika majina. Maharage yamepoa, wali umekauka, kumbe mtu wa ushuru nimemlisha mwenyewe!"

"Sasa nifanyeje, shangazi? Jumatatu tukienda mikono mitupu, jarida halipo."

"Ficha hayo makaratasi. Nawa, ugawe wali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe unakitaka umesimama wima, na kalamu juu!"

Nikagawa wali. Mtu akishika sahani haogopwi, na mimi nikiwa na sahani siogopi sana. Benchi likajaa. Wawili wakaanza kubishana juu ya manju, waimbaji wa ngoma wanaoshindanishwa baada ya mavuno: kila mmoja anacheza upande wake kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi.

"Yule wenu alishinda kwa sababu alileta nyoka!" alisema mmoja. "Watu walifuata nyoka, hawakufuata wimbo."

"Na wewe wimbo wenyewe uliusikia? Ulikuwa umelewa!"

"Niliusikia! Ulimtukana manju wetu, ila lile neno la mwisho ndio sikulipata."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Maneno hayo yangeandikwa kwenye jarida, mngesoma?"

Wakanitazama. "Dada, mikono hii ya tope ishike jarida?" akasema yule aliyelalamikia nyoka. "Nikinawa nashika simu. Ila mtu akinisomea, hata sasa hivi nasikiliza. Nimnyamazishe huyu."

Nikahisi machozi. Vijana hawasomi. Jarida ndiyo basi.

Shangazi akacheka huku anasugua sufuria. "Kweli penye miti hapana wajenzi. Mimi kila gazeti ninalofungia vitumbua nalisoma kwanza, hadi matangazo ya vifo. Sisi wapishi tunakaa hapa tangu alfajiri kuwangoja hawa watoke kwenye maduara, mashimoni huko chini. Anayengoja ndiye anayesoma. Mbona hukuniuliza?"

"Dodoso lilisema vijana."

"Na dodoso lilinijua wapi? Leteni maneno ya nyimbo. Nitasoma, na hawa nitawasomea wakila."

Yale matano niliyoyajaza nikayatia motoni mwenyewe. Jumatatu nikasimama mbele ya klabu, nikasema msomaji wetu ni mama anayepika machimboni. Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akasema jarida litachapwa, na maneno ya nyimbo za manju yatakaa ukurasa wa tatu.

Ndiyo, ukurasa wangu. Makala yangu haikuchapwa kamwe. Iliniuma, na usidhani imeacha.

Basi shika haya, mwanangu. Usimwandikie mtu majibu yake kwa sababu unaona aibu kumuuliza. Ukifika kwa watu, tafuta kwanza kazi ya kuwasaidia, maswali yatakuja. Na kabla hujaenda kumtafuta msomaji mbali, muulize aliyekupa chai. Akikupa jibu linaloua ulichokipenda, lipeleke hivyohivyo.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka kama yangu, akukutanishe na watu wa kukukaripia mapema, na kazi ya mikono yako isomwe kwa sauti mahali ambapo watu wanakula na kushiba.