Kaka yangu mgonjwa wa akili aligoma kusaini suluhu mpaka wabadilishe siku ya sindano

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi nauza chapati hapa mjini Kizwite na kuota ndoto za kumiliki hoteli (chekeni tu). Hii nawapa kama ilivyotokea, sijatia chumvi.

Kaka yangu Deo anaugua skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti. Kwetu ni kijijini Mollo, tunalima mahindi na ulezi.

Kituo kimoja binafsi, jina nabaki nalo, kilituahidi muuguzi wa kuja nyumbani na sindano kila mwezi. Hakuja mtu.

Deo akazidiwa. Wakamchukua, wakamfungia kwenye jengo lao miezi saba. Mama akienda kumwona anaishia getini.

Tukapata wakili wa msaada wa kisheria, akafungua kesi, Deo akarudishwa nyumbani. Hakimu akasema tujaribu usuluhishi kwanza.

Tukikosa suluhu, kesi inasogea hadi sijui lini, Deo hana sindano, akizidiwa anarudi kule kwenye kufuli.

Siku yenyewe wakili wa kituo akasoma makubaliano. Hakuna kufungia mtu. Muuguzi atakuja nyumbani, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi.

Kila kipengele Mama anaitika, "Eeh, baba."

Mama yangu ni Mfipa wa zamani, mbele ya mtu wa ofisi hakatai kitu. Mwambie ng'ombe wake ni bata, ataitika eeh.

Kalamu ikafika kwa Deo. Akaiweka mezani.

"Shikamoo mzee," akamwambia msuluhishi. "Mimi sisaini."

Wakili wa kituo akacheka. "Si mnaona? Tulisema huyu asihusishwe."

Nikamvuta shati. "Kaka, saini bwana, watakufungia tena!"

"Hebu tulia wewe, kwani sindano unachomwa wewe?"

Msuluhishi akasema, "Mwacheni aongee."

Deo akaongea taratibu. "Nikichomwa sindano nalala siku mbili, mwili mzito. Jumatatu na Jumanne kijiji kinapiga matuta kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nisipoenda kwao, hawaji kwetu. Mama atalima peke yake, na mimi nitaitwa mvivu. Nichomeni Ijumaa. Jumapili naenda misa, Jumatatu nashika jembe."

Karani akayaandika yote.

Msuluhishi akamgeukia wakili wa kituo. "Huyu ndiye mliyesema haelewi?"

Ndipo Mama naye akafunguka, "Hata mimi baba, kile kipengele cha pili sikukielewa, nilikuwa naitika tu."

Tulicheka hadi karani! Wakaanza upya, kipengele kwa kipengele, safari hii Deo anaulizwa. Akasaini jina lake lote kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Hakimu akaifanya suluhu hiyo kuwa amri ya mahakama.

Sasa muuguzi anakuja na pikipiki kila Ijumaa ya kwanza. Sauti bado zinamsumbua siku nyingine, siwadanganyi.

Ila Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu yetu. Walikuja watu kumi na mmoja na majembe yao. Deo ndiye alikuwa anawapangia mistari.

Nilichojifunza: ukiwa na mgonjwa wa akili usimsemee kila kitu. Muulize wiki yake inaendaje. Nilidhani mimi ndiye namtetea, kumbe yeye ndiye alikuwa anamtetea Mama.

Wenye ndugu kama Deo, kwenu mnafanyaje? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.