Unywele wa Anatory na Mate ya Theoneste

Theoneste alikuwa na miaka sitini na mbili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuomba kitu kikubwa. Alichotaka ni pembe moja ya kibanja pale Nyakasimbi, hatua thelathini kwa ishirini, chini ya migomba aliyoipalilia tangu ajue kushika jembe. Hapo pana nyumba yake ya bati, mibuni kumi na minne, kaburi la mama yake Nyirabageni na kaburi la mkewe Mukakalisa. Kati ya kaburi la mama na mbuni wa mwisho palibaki nafasi, na nafasi hiyo Theoneste alikuwa ameshaipima kwa macho mara nyingi. Alitaka alale hapo siku yake ikifika. Basi, hilo tu.

Tatizo lilikuwa Anatory. Walizaliwa mwaka mmoja, lakini Anatory alikuwa mkuu wa ukoo wenye kibanja chote, na Theoneste alikuwa mtoto wa mama aliyevuka mpaka kutoka Rwanda akiwa na mimba na kitenge kimoja. Baba yake Anatory ndiye aliyempa Nyirabageni ile pembe, kwa mdomo, mbele ya watu ambao sasa wote wamekufa. Anatory alisema mwanamke yule alikuwa kibarua wa jikoni, na kibarua hapewi ardhi, hupewa ndizi za kubeba. Sasa anataka kupanda parachichi za kisasa pembeni pale, makaburi yahamishwe.

Na ukweli usemwe, Anatory alikuwa na madharau. Kwenye vikao vya rubisi, ile pombe ya ndizi, kibuyu kikizunguka na mrija wake mmoja, wote walipokezana bila neno. Zamu ya Theoneste ikiisha, Anatory aliupokea mrija, akaufuta kwa pindo la shati, mara tatu, polepole, kila mtu aone. Miaka arobaini anafuta. Theoneste aliona, akameza mate, akaangalia migomba.

Sasa sikia kilichotokea. Benadeta, mtoto wa marehemu kaka yake Anatory, alifanyiwa upasuaji hospitali moja ya mjini. Homa ikampata, wakapima damu, wakakuta kirusi ndani yake kwa idadi ya kutisha. Wakamtundikia dawa wiki mbili. Idadi haikushuka hata kidogo, ikawa kama wanamwagilia jiwe. Mwishowe daktari mmoja mzee akamng'oa unywele mmoja pamoja na shina lake, akaupima, akakuta kirusi humo humo. "Mama, huumwi kirusi," akamwambia. "Umezaliwa nacho. Homa yako ni ya kidonda."

Vero, muuguzi wa watafiti wa hospitali ile, akatumwa Nyakasimbi kupima ukoo mzima. Akawaeleza akiwa amekaa kwenye kigoda, bahasha mapajani. Kirusi chenyewe ni ndugu wa kile cha tetekuwanga. Karibu kila mtu duniani hukipata akiwa mtoto mchanga, kwa mate, kinampa homa ya siku tatu na vipele, kisha kinatulia. Lakini kwa watu wachache, mmoja katika mia hivi, zamani sana kilijishona kwenye ncha ya kromosomu, yaani uzi wa urithi, ndani ya yai au mbegu ya babu au bibi fulani. Tangu hapo kinarithiwa kama pua. Kiko katika kila chembe ya mwili, mpaka kwenye unywele na ukucha. Mzazi mwenye nacho, kila mtoto anaweza kukipata au kukikosa, nusu kwa nusu.

"Kwa hiyo ni cha kwetu," Anatory akasema.

"Kipo kwenu, Mzee. Lakini hata watu wengine—"

"Cha kwetu."

Hapo kichwa kikamvimba. Jumapili ile ile, mlangoni pa kanisa, akajitambulisha kwa mgeni: "Sisi ni watu wa ukoo wa Byabato. Hatuli kondoo, na tuna kirusi." Akaitisha kikao ili kirusi kipewe jina. Wakabishana saa tatu, wengine wakitaka kiitwe kwa jina la babu, wengine wakisema babu akiitwa ovyo hukasirika, mpaka wakakubaliana kiitwe Mgeni wa Zamani na rubisi ya kwanza imwagwe chini kwa ajili yake. Bibi mmoja akauliza kama kinaruhusiwa kula kondoo. Swali likaahirishwa.

Kwenye kikao hicho Anatory akamgeukia Theoneste. "Umekuwa ukisema wewe ni wa hapa. Vizuri. Sasa kuna kipimo. Pima na wewe."

Vero akaingilia haraka. "Mzee, kipimo hiki hakionyeshi nani ni ndugu. Mtoto wa tumbo moja anaweza kukikosa na bado ni mtoto."

"Binti, wewe ng'oa nywele."

Theoneste aliogopa, tusifichane. Alijua unywele wake hauna kitu cha ukoo ule, angekuwa nacho vipi? Lakini akikataa, watasema amekimbia. Akainamisha kichwa, Vero akang'oa. Akatema na mate kwenye kichupa kama wengine. Watu walikuwa na wasiwasi mkubwa na nywele zao, maana huku unywele wako ukienda safari bila wewe, si jambo la kuchekea. Wawili walidai risiti. Anatory ndiye aliyesumbua zaidi, kwa sababu ana upara unaong'aa na ndevu amezinyoa kwa ajili ya kikao hicho. Vero akamzunguka, akamtazama huku na huku, mwisho akamng'oa nywele tatu za nyusi. Machozi yakamtoka mkuu wa ukoo, akasema ni vumbi.

Wiki sita baadaye Vero akarudi. Majibu ya kila mtu yalikuwa ndani ya bahasha yake, na yeye alitaka kumpa kila mmoja faraghani. Anatory akasimama, kofia kichwani, kibuyu cha rubisi miguuni.

"Yangu yasomwe hadharani. Na ya Theoneste, kama hana la kuficha. Naapa mbele yenu: akiwa na majibu kama yangu, pembe ile ni yake, na kaburi lake liwe pale. Asipokuwa nayo, Jumatatu naleta kamba ya kupimia."

Theoneste akasogea mbele. Alimtazama Vero, akaitikia kwa kichwa. Alitaka tu liishe.

Vero akafungua bahasha ya kwanza. Akaisoma kimya, akaifungua ya pili, akazilaza pamoja pajani. Akajikuna shingo.

"Theoneste. Unywele: hakuna. Mate: kipo, kile cha kawaida cha utotoni."

Anatory akaanza kutabasamu.

"Mzee Anatory. Nyusi: hakuna. Mate: kipo, kile cha kawaida cha utotoni."

Kisha bibi yule wa swali la kondoo akacheka, akashindwa kujizuia, na wote wakafuata. Benadeta alijifunika uso kwa kanga.

"Kwa hiyo mimi si wa ukoo?" Anatory akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa.

"Ni wa ukoo, Mzee. Ulikikosa tu, nusu ile nyingine. Nilikuambia."

"Na hiki cha mate? Nilikuwa nafuta mrija."

"Ulichelewa miaka sitini. Hiki ulikipata kabla ya meno, labda kwa mtu aliyekutafunia chakula. Nani alikutafunia ndizi?"

Mama yake Anatory alilazwa mwaka mzima baada ya kumzaa, hilo kila mtu pale alilijua.

"Si Nyirabageni, baba mdogo?" Benadeta akasema taratibu. "Marehemu baba alitusimulia. Alikuwa anatafuna tonge moja, analigawa midomo miwili, wako na wa Theoneste."

"Nilikuwa mdogo," Anatory akasema. "Sikumbuki." Akaondoka bila kunywa.

Jumatatu asubuhi Theoneste akamwona anakuja na kamba begani, na kwapani ameshika miche ya mlamula, ile ya kupanda mipakani. Kiapo kimeliwa, akawaza, na akasimama mbele ya kaburi la mama yake na jembe mkononi.

Anatory akapanda mlamula kwenye kona zote nne za pembe ile, hatua thelathini kwa ishirini, hakupunguza hata moja. Kisha akaja na kamba mpaka penye kaburi la Nyirabageni, akaitandaza ubavuni, kwenye ile nafasi ya karibu na mbuni wa mwisho. Akavua kofia.

"Nipe hapa," akasema. "Nikifa."

Theoneste akaishika kamba, akaihamishia upande wa pili wa mama yake.

"Wewe utalala huku," akasema. "Ule upande ni wangu. Hata siku zile za tonge moja nilikuwa naanza kula mimi."