Bahari Aliyoikausha Malabika

Malabika Guho alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha chapa huko Kolkata, mwanamke mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Kila Jumamosi alasiri alipanda ngazi hadi chumba kilicho juu ya duka la mjalidi wa vitabu, akakaa na wenzake watatu kuijenga Nilakhi, sayari waliyoibuni wenyewe na kuitungia hadithi za kisayansi katika jarida lao. Kila mmoja alikuwa na fungu lake. Malabika alipewa miji. Tarapada Shome, karani mstaafu wa posta, alipewa bahari, na kwa miaka kumi na mmoja alichora mikondo yake na kukokotoa kujaa na kupwa kwa maji chini ya miezi miwili. Sharti lao lilikuwa moja: kilichochapishwa hakifutwi.

Mwaka huo barua za wasomaji zilikuja nyingi, karibu zote zikisifu bahari. Moja ilisema miji inachosha. Malabika aliisoma mara tatu. Zamu yake ya kuandika ilipofika, alitunga hadithi ambamo jua la Nilakhi liliwaka kupita kiasi, na bahari yote ikakauka kwa msimu mmoja. Desturi ilikuwa kumwonyesha kwanza mwenye fungu. Hakumwonyesha, aliipeleka moja kwa moja ikachapwe.

Jumamosi iliyofuata Tarapada hakuja, wala ile ya pili. Wale wawili waliobaki waliisifu hadithi, na kila waliposifu Malabika alikitazama kiti kitupu cha Tarapada.

Wiki ya tatu akamwendea nyumbani na boksi la sandeshi, vitamutamu vya maziwa. Mke wa Tarapada akamfungulia.

"Karibu, wifi. Yupo, ila siku hizi hasemi. Mmemfanya nini huko kwenu?"

Malabika alimkabidhi boksi, akapita ndani. Akamkuta mzee barazani, akimenya njugu.

"Kaka Tarapada, nimekuja kuomba radhi. Sikukuuliza."

"Kutoniuliza ni kukosa adabu tu. Kwa nini uliikausha?"

Angeweza kusema hadithi ndiyo iliyotaka hivyo. Lakini nafsi ilimsuta.

"Kijicho," alisema. "Walikuwa wanakusifu wewe."

Tarapada aliweka njugu chini. "Afadhali umesema. Mimi nilidhani labda bahari yangu ilikuwa mbaya."

Hapo Malabika akalia. "Tuvunje sharti, kaka. Nitaandika kwamba ilikuwa ndoto."

"Uwahadae wasomaji kwa ajili yangu? Hapana, bibi wewe. Na bahari nyingine usinitume kuchimba. Nina miaka sabini."

Mwezi uliofuata Tarapada alirudi chumbani kwao. Wakampa fungu la upepo, akalikataa. "Nipeni chai tu," alisema, akakaa akisikiliza na kucheka wakicheka.

Alasiri moja mwenzao akauliza lile bonde kavu la kaskazini, lililokuwa bahari, lina kina gani.

"Ni pima mia nne na sita," Tarapada alijibu papo hapo, kisha akainamia kikombe chake.

Malabika aliiandika namba hiyo daftarini, asithubutu kuinua uso.