Mama Mado na mwisho ya ile roman

Leo njo nimejua kama Mama Mado alitudanganyaka sisi bote.

Wakati ya Zaire, kule base ya askari ya Kamina, tulikuwa na roman moja tu, kitabu ya hadithi ya mauaji. Ilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka kurasa za mwisho zikapotea.

Ukifika pale, unaenda kwa Mama Mado, bibi ya askari. Alisema aliisomaka ikiwa nzima.

Anaweka disque yake ya muziki ya pop (ata wimbo moja ya kuruka bila kusikiliza haiko, mpaka leo sijasikia ya kuipita). Kisha:
"Nieleze kwanza yote, nione kama ulisoma muzuri."

Unaeleza. Njo anakupa mwisho: munganga mwenye kutunza ule mujane, njo aliua bwana ya mujane.

Tulikuwa tunalia. Nani hapa alilia pia?

Leo nimekuta kitabu nzima ku soko. Iko tamu, lakini muuaji ni jirani tu, mwenye kuonekana mara moja tu mu kitabu. Mwisho ya Mama Mado inaipita mbali.

Nikamupigia simu.
"Mama, weye ulisoma kitabu gani?"

Akacheka polepole.
"Mutoto yangu, minyi sijue kusoma."