Posa Niliyomficha Kaka Yangu

Nakumbuka Ijumaa moja ambayo simu haikulia, mwanangu. Ilikuwa imetundikwa dirishani kwa kipande cha kitenge, pembeni ya cherehani yangu, hapahapa Mbugangari, mpakani na Kongo, nami nilikuwa nashona huku masikio yangu yote yakiwa dirishani. Ilibidi ikae palepale. Ukiisogeza hatua mbili tu, ilishika mtandao wa ng'ambo, wa Goma, na anayekupigia akaambiwa hupatikani. Kila Ijumaa, baada ya swala ya mchana, kaka yangu Yusufu alitupigia kutoka huko alikopelekwa na jeshi kulinda amani, nchi ya mchanga na jua kali, mbali hata kwa ndege.

Ijumaa ile haikulia. Nikajisemea labda wana kazi nyingi. Ijumaa ya pili, vilevile. Ijumaa ya tatu mama yangu aliacha kabisa kuuliza, na hilo ndilo lililonitisha.

Nakusimulia wewe, jirani yangu, haya kwa sababu wiki iliyopita nilikuona ukimsindikiza mumeo na begi lake la kijani la jeshi. Ulicheka mpaka gari likaondoka, kisha ukaenda kulia nyuma ya duka la unga. Usione haya, sisi washonaji tunakaa barazani, tunaona kila kitu. Na jana nimekusikia ukiongea naye kwenye simu yako hiyo ya picha: "Huku kila kitu sawa, wewe usiwaze, tunajiweza." Nikaweka mkasi chini. Ni maneno yangu yaleyale ya zamani, ila sauti ni yako.

Basi sikia nilivyokosea.

Baba yetu alifariki Yusufu akiwa bado kijana mdogo, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyesimama mahali pake. Mlango ukilegea, tunamwita Yusufu. Mama akikasirika na majirani, Yusufu ndiye anayekwenda kuomba radhi. Hata alipoingia jeshini aliendelea hivyo, akirudi likizo anavua buti na kupanda juu ya paa kabla hajanywa chai. Kwa hiyo alipopelekwa huko mbali, mimi niliapa moyoni kwamba sitamsumbua. Nilimpenda sana kaka yangu, mwanangu, na nilidhani kumpenda ni kumfungia mlango matatizo yote yasimfikie.

Mama aliumia mguu, sikusema. Ukuta wa nyuma ukapasuka baada ya tetemeko dogo la ardhi, sikusema. Kila Ijumaa nilimwambia: hapa salama, hatuna shida, hatuhitaji kitu, wewe angalia kazi yako. Nikikata simu nilijisifu. Nilijiona mwanamke hodari kweli.

Kisha akaja Saidi, fundi wa breki, watu wao ni wa Mahoko. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na mtaani walikuwa wameshaanza kuniangalia kwa huruma, kwa hiyo posa yake ilipokuja nilifurahi mpaka nikashona shati moja lenye mikono miwili ya kushoto. Wewe unajua taratibu zetu. Msichana wa Kiislamu haolewi bila walii, na baba akiwa hayupo, walii ni kaka. Walii wangu alikuwa Yusufu. Lakini mimi nilikata shauri mwenyewe. Nilisema, huyu yuko kwenye joto na bunduki, nimbebeshe na mambo ya harusi? Baba mdogo Rashidi yupo, ataniozesha yeye. Yusufu nitamwambia yakishaisha, iwe zawadi.

Zawadi, nilisema hivyo. Mpaka leo neno hilo linaniuma.

Basi Ijumaa ya nne, baada ya zile tatu za bila simu, ikalia. Niliirukia nusura nijichome sindano. Hakuwa Yusufu. Alikuwa mwenzake wa kambini aitwaye Emanueli, kijana wa Mahoko, mama yake anauza viazi sokoni.

"Dada Zaituni, usiogope, Yusufu ni muzima," alisema. "Mwili hauna shida. Lakini mi naogopa juu yake."

Nikamuuliza kuna nini.

"Mama aliniambia umeposwa. Nikaenda kumupa kaka yako hongera. Akaniuliza, posa gani? Dada, nilitamani nirudishe maneno mu kinywa. Tangu siku ile hakai na sisi, chakula anaacha. Zamu yake ya kurudi iko karibu, lakini anasema ataomba abakie. Anasema nyumbani walishamuzoea kukosa." Kisha akaongeza polepole, "Na huku, dada, mutu akilinda na moyo wa hivyo, si muzuri kwake wala kwetu."

Nilikaa chini kwenye mabaki ya vitambaa na kulia. Shangazi yangu Mwamini ndiye aliyenikuta hapo. Huyu alikuwa dada yake baba, kila siku alivuka mpaka na beseni la karoti kutoka Busasamana kwenda kuuza Goma, akirudi na Kifaransa cha huko mdomoni, na ulimi wake haukuwa na breki ambazo hata Saidi angeweza kuzitengeneza. Nilimweleza yote, nikimalizia kwa kujitetea kwamba nilitaka tu kumtia moyo.

Aliteremsha beseni. Hakunikumbatia.

"Bon. We mutoto, mi nakuuliza. Kila Ijumaa unamuambia nini?"

"Kwamba hatuhitaji kitu."

"Donc anasikia nini? Anasikia hatumuhitaji. Yeye iko kule kwa sababu ya nani? Anavumilia ile jua kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya mama yake, na ukuta wake, na wewe. We umemunyang'anya vyote, halafu unamuambia, piga moyo konde. Moyo gani sasa?" Kisha akaketi karibu yangu, akanifuta uso kwa pembe ya kitenge chake kilichonuka udongo wa karoti. "Ulimupenda, najua. Lakini ulimupenda kama vile unapenda mutu alishakufa. Yusufu haiko mufu. Mupe kazi yake."

Hakuna aliyewahi kunisema hivyo tena, na sijapata kusemwa kwa haki zaidi ya siku ile.

Emanueli aliahidi kumleta kaka yangu kwenye simu Ijumaa iliyofuata, kwa kumbembeleza au kwa kumvuta. Nilimwambia Saidi kwamba bila idhini ya Yusufu sitaolewa, na kama Yusufu atabaki huko mwaka mwingine, na yeye atangoja mwaka mwingine. Saidi alikuwa amekwisha kununua koti la harusi. Akasema, "Nitangoja." Ndipo nilipojua nimepata mume.

Simu ilipolia, nilisikia pumzi yake tu. Sikumuuliza hali. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja: mguu wa mama, ukuta, posa, na kwamba nilimficha kwa ujinga wangu, na kwamba namwomba msamaha, na kwamba ukuta sijui niufanye nini, na mama hataki kwenda kwa daktari, na Saidi anangoja jibu na mwenye jibu ni yeye. Kisha nikaishiwa na maneno.

Nikaitazama simu kama bado iko mahali pake dirishani. Nilidhani mtandao wa ng'ambo umetuingilia.

"Mguu upi?" Yusufu akauliza.

Mwanangu, sijawahi kusikia swali tamu kama lile. Nikamwambia wa kulia. Akauliza umevimba wapi. Akasema mpe simu mama, na nikamsikia akimgombeza mama mzima kama mtoto, na mama, ambaye alikuwa amenikatalia mwezi mzima, akajibu, "Ndiyo baba, kesho nitakwenda." Kisha akataka kujua ufa wa ukuta unaingiza mkono au kidole tu. Akaamuru tutafute mawe meusi ya volkano, si matofali. Akaniuliza Saidi ni yule mrefu wa karibu na stendi anayepiga mluzi akifanya kazi. Nikasema ndiye. "Mwambie nitamjibu wiki ijayo," akasema kwa sauti nzito kabisa. Aliona raha kumngojesha, namjua. Siku ile alitoa amri hadi salio la Emanueli likaisha.

Wiki iliyofuata alijibu ndiyo. Imamu wetu alisema haina tatizo, walii aliye mbali anaweza kumweka mtu mwingine kuwa wakili wake amuozeshe dada yake, mradi aseme mwenyewe na mashahidi wamsikie. Lakini simu ilishika vizuri kwenye dirisha la cherehani peke yake. Kwa hiyo ndoa yangu ilifungwa barazani, wazee wa watu wamekaa juu ya mafungu ya vitenge, imamu kaegemea meza ya kupigia pasi, na majirani wamejaa mpaka barabarani, Waislamu na wa kanisani pia. Mama Klodina, mwimbaji wa kwaya, alivaa nguo iliyokuwa bado na uzi wangu wa kupigia bandi, ule mshono wa muda, maana sikuwahi kuimaliza.

Yusufu alipopiga, tuliiweka simu kwa sauti kubwa. Kabla ya yote alinitaka mimi.

"Zaituni, unamtaka?"

"Namtaka."

"Ameambiwa kwamba ukiamshwa mapema unakuwa simba?"

Watu wakacheka, Saidi akajibu kwamba ameonywa. Ndipo kaka yangu akasafisha koo, na mbele ya mashahidi akasema kwamba yeye Yusufu, kaka na walii wa Zaituni, anamweka baba mdogo Rashidi kuwa wakili wake wa kuniozesha. Yalipomalizika tulisikia upande wa pili makofi na vigelegele vya wanaume, vibaya sana, vya watu wasiojua kupiga vigelegele. Kumbe nusu ya kambi ilikuwa imekusanyika. Ndipo majirani zetu wakapanga mstari dirishani, mmoja mmoja, kumsalimia. Mwenye duka alimwambia anamtunzia mahali pake kwenye benchi. Mama Klodina alimwambia kwaya inamwombea kila Jumapili, apende asipende. Na kila aliyesalimia alisalimia pia waliokuwa pamoja naye, hata wale ambao hatukujua majina yao.

Hakuomba kubaki. Zamu ilipokwisha alirudi, mwembamba na mweusi kwa jua, akavua buti na kwenda kuutazama ukuta kabla hajanywa chai. Akasema mawe yamepangwa vibaya. Nilifurahi mpaka nikaenda kujificha jikoni.

Miezi kadhaa baadaye Emanueli alikuja kututembelea, akanieleza jambo ambalo Yusufu hakuwahi kulisema. Siku ya ndoa yangu, kaka yangu aliamka mapema, akafua sare yake na kuinyoosha vizuri kwa chupa ya chuma iliyojazwa maji ya moto, kwa kuwa pasi hawakuwa nayo. Akanyoa ndevu, akapaka buti rangi. Wenzake wakamuuliza unakwenda wapi, akasema anakwenda kumuozesha dada yake. Kisha akasimama wima mbele ya simu ambayo haikuwa na picha, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angeweza kumwona.

Kwa hiyo, mwanangu, acha kumwambia mumeo kwamba mnajiweza. Mwambie mtoto ameanza kubisha. Mwambie bomba linavuja, umuulize afanyeje, hata kama fundi yuko nyumba ya tatu. Habari nzito usimtupie kama jiwe, chagua saa na umpe kwa upole, ila usimnyime, maana ataisikia kwa mwingine na itamkata mara mbili. Jambo linalohitaji neno lake lingoje neno lake. Na sisi wengine tusiokuwa na mtu huko, tusiishie kusema poleni. Tupite kwako tumsalimie kwa jina, tukuletee sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na mkaa, ili ukimwambia mtaa unamkumbuka iwe kweli. Askari hapati nguvu kwa kuambiwa yeye ni shujaa tu. Anapata nguvu akijua mahali pake nyumbani hapajakaliwa na mtu mwingine.

Akipiga leo, nipe na mimi nimsalimie. Nina suruali yake hapa aliyoniachia nipunguze kiunoni, nataka kumuuliza anaitaka na mkunjo au bila.

Mungu amlinde huko aliko, yeye na kila aliyesimama pembeni yake. Akuwekee subira wewe, na sauti yako isikauke. Na siku atakayoingia kwa mlango wenu, akukute una orodha ndefu ya kazi zinazomngoja. Amina.